Zizi la Sotik na Kasri ya Kilwa

Tuliwaahidi kwamba safu hii itaingia katika Zama za Kati, yaani ile miaka elfu moja hivi iliyo baina ya kuanguka kwa dola ya Roma ya magharibi mwaka 476 na kufika kwa merikebu za Wareno katika pwani yetu mwaka 1498. Huenda mlitaraji tuanzie Baghdad ya Harun al-Rashid, au Cordoba, au Cairo ya Salahuddin. Tutafika huko, inshallah. Leo tunaanzia Sotik, katika kaunti ya Bomet, kando ya shamba la majani chai, kwa sababu huko ndiko tulikokwenda kutafuta jibu la swali ambalo mzee wetu mmoja alituuliza, nasi hatukuwa nalo mkononi.

Kijana wetu mmoja, anayefanya kazi katika kiwanda cha chai huko bara, alitutaka tumposee binti wa Kikipsigis. Binti ni Muislamu. Baba yake alisilimu kabla ya yeye kuzaliwa, na tabia yake ilikuwa imekwisha kushuhudiwa na watu wa msikiti wa huko. Katika dini, basi, halikuwapo la kusemwa. Lakini ami mkubwa wa kijana, ambaye ndiye mwenye neno katika jamaa ile, aliizuia posa kwa muda wa miezi mitatu. Alisema kwa upole, kama ilivyo ada yake: "Hao ni watu wema, sina shaka. Lakini watu wa bara hawana tarehe. Sisi nasaba yetu imeandikwa. Asili yao wao mtaisoma wapi?"

Tusimcheke mzee huyu. Maneno yake yamo katika baraza zetu nyingi, na yamo katika vifua vya baadhi yetu tusiothubutu kuyatamka. Tumelelewa tukiambiwa kwamba pwani ina mji, msikiti na kitabu, na kwamba huko juu, kabla ya reli na Mwingereza, palikuwa na msitu na watu waliokuwa wakizunguka tu. Kwa kuwa swali lake ni la tarehe, nasi ndio tuliojitwika kuandika tarehe katika ukurasa huu, tulimwomba jambo moja: afuatane nasi hadi kwao binti, kisha aamue. Alikubali kwa sharti. Alisema, "Nitakwenda, lakini sitasema."

Njiani, gari likipanda kutoka Nakuru kuelekea Kericho, baridi ikaanza kuingia madirishani, na yale mashamba yakatandazika kama busati la kijani lililokatwa kwa mkasi. Huko ni kimo cha mita 2,000 hivi juu ya bahari, na mvua ya alasiri haikawii. Tuliwaona wachumaji wakiwa na vikapu mgongoni, mikono yao ikipita juu ya vichaka na kukwanyua majani mawili na kichipukizi chake. Tukamwambia mzee kwamba katika kila asubuhi yake, anapokaa na mahamri na bilauri yake ya chai ya tangawizi, anakunywa jambo la Zama za Kati. Akatutazama tu, kwa kuwa alikwisha kuahidi kutosema.

Habari yenyewe ni hii. Mti wa chai asili yake ni Uchina na nchi zinazopakana nayo. Katika karne ya 8, chini ya ufalme wa Tang, mtu aitwaye Lu Yu alitunga kitabu kizima juu ya chai: upandaji wake, utengenezaji wake, maji yake na vyombo vyake. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 237 Hijria, yaani 851 Miladia, kiliandikwa kwa Kiarabu kitabu cha habari za Uchina na Hindi, kilichokusanywa kutoka kwa mabaharia na wafanyabiashara wa Ghuba, na ambacho hutajwa pamoja na jina la mfanyabiashara Suleiman. Humo imo habari ya mmea ambao Wachina huumiminia maji ya moto na kuunywa. Mmea huo ni mchungu, una harufu nzuri, huuzwa katika kila mji kwa mali nyingi, na mfalme hupata pato kubwa kutokana nao kama apatavyo kutokana na chumvi. Hiyo ni miongoni mwa habari za kwanza za chai kuandikwa nje ya Uchina na nchi jirani zake, na walioziandika ni Waislamu wa bahari ile ile tuijuayo sisi.

Tena si kitabu peke yake. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung katika nchi ya Indonesia, yalipatikana mabaki ya jahazi la karne ya 9 lililokuwa likitoka Uchina. Lilikuwa limeshonwa kwa kamba, bila misumari, kama mitepe ya wazee wetu wa Lamu. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya kauri vipatavyo 60,000, vingi vikiwa bakuli za Changsha, na moja ya bakuli hizo imeandikwa kwa Kichina kuwa ni bakuli ya chai. Vigae vya vyombo vya aina hiyo vimefukuliwa Shanga, katika kisiwa cha Pate. Hatusemi kwamba watu wa Shanga walikunywa chai. Tunasema kwamba chombo kilitangulia, na kinywaji kikaja baadaye sana.

Kilipokuja, kilikuja kwa mkono mwingine. Mti wa chai ulipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903, huko Limuru, na katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yakaanza kuupanda kwa wingi Kericho, katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewatwalia Wakipsigis. Kidonda hicho hakijapona hata leo, na msafiri mwenye adabu hukumbuka kwamba uzuri wa busati lile una wenyewe waliohamishwa. Jani lile lile likishakaushwa hushuka hadi kwetu. Mnada wa chai ulihamishiwa Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na tangu hapo vijana wetu wangapi wamelishwa na magunia ya chai katika maghala ya mji huo? Pwani leo inakula jasho la Kericho. Tutaona kwamba jambo hili si geni.

Tulifika kwao binti adhuhuri. Babu yake, mzee wa Kikristo wa miaka mingi, alitupokea mlangoni kwa "Chamgei", nasi tukamwita Agui kama wajukuu zake wamwitavyo. Tuliletewa chai ya maziwa, kisha mursik katika kibuyu, maziwa ya kugandishwa yenye ladha ya mkaa wa mti. Ami akaonja, akanyamaza, akaonja tena. Baada ya chakula Agui akasema anataka tuone kitu, akatangulia na fimbo yake hadi mwisho wa shamba, pale ambapo mistari ya chai inakoma na mteremko wa majani unaanza.

Pale ardhini palikuwa na shimo la mviringo, pana kama ukumbi mkubwa, lenye kina kilichofikia kifua cha mtu, na kingo zake zimelainika kwa mvua za miaka. Upande wa chini palikuwa na mwanya, na kando ya mwanya huo palikuwa na kichuguu cha udongo. Agui akasema, "Hapa walikaa watu kabla yetu. Baba yangu alitukataza kulifukia."

Mashimo ya namna hii yako maelfu katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, kuanzia Cherang'any na Uasin Gishu hadi Nandi, Nakuru na Sotik. Wakalenjin huwaita wenyewe Wasirikwa. Wako waliodhani ni visima, na wako waliodhani ni mahandaki ya vita. Mary Leakey aliyachimba ya Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Katika miaka ya 1960 John Sutton aliyachunguza mengi zaidi, likiwamo eneo la Chemagel papo hapo karibu na mji wa Sotik, na jambo likabainika. Ni mazizi ya ng'ombe. Mfugaji alichimba ubavu wa mlima ili mifugo yake ilale chini, imefichika na imekingwa. Nyumba yake aliiunganisha na zizi, na mlango wa nyumba ukafunguka ndani ya zizi lenyewe, hata mwizi asingeweza kumfikia ng'ombe wala mtoto bila ya kupita katika ule mwanya mmoja uliolindwa. Kila siku samadi na tope vilizolewa na kutupwa nje, upande wa chini, na ndio asili ya kile kichuguu. Mtindo huu wa maisha ulidumu kwa kadiri ya miaka mia tano, kuanzia karne ya 12 au ya 13.

Basi wasomaji wetu, liwekeni hilo kando ya tarehe mnazozijua. Wamongolia walipoiangusha Baghdad mwaka 1258 na kumuua Khalifa, mfugaji wa nyanda hizi alikuwa akiziba mwanya wa zizi lake jioni. Mansa Musa wa Mali alipopita Cairo mwaka 1324 akienda kuhiji, akagawa dhahabu hata bei yake ikashuka, huku juu palikuwa na mtoto akichunga ndama. Ibn Battuta alipotia nanga Kilwa mwaka 1331, moshi wa jiko ulikuwa ukitoka katika nyumba iliyounganishwa na zizi kama hili. Hawakuwa watu waliongoja tarehe ije iwakute. Walikuwa ndani yake, kila mtu mahali pake.

Na hiyo Kilwa yenyewe, ambayo ni haki yetu kujivunia, hebu tuitazame vizuri. Ibn Battuta aliisifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri kabisa na iliyojengwa vyema. Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake, na kasri ya Husuni Kubwa iliyo juu ya genge bado inaonyesha kumbi zake na birika lake la pembe nane. Msafiri yule anasimulia kwamba fakiri mmoja wa Yemen alimwomba Sultani nguo alizovaa, naye akampa. Mambo yalipokwisha, fakiri alikuwa amepata pia watumwa ishirini na mizigo miwili ya pembe za ndovu, kwa kuwa zawadi za huko, asema, aghalabu huwa pembe, na dhahabu ni mara chache.

Tusome kwa makini. Pembe zile zilitoka wapi, ikiwa si bara? Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari yetu mwaka 304 Hijria, yaani 916 Miladia, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda Hindi na Uchina. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilipitia Sofala ikitoka katika nyanda za Zimbabwe, na sarafu ya huyu huyu al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini. Na wale watumwa ishirini, je? Ibn Battuta hafichi kwamba Sultani alikuwa akifanya mashambulizi katika nchi za watu wa bara. Hatuna haki ya kuhesabu kuta za Husuni Kubwa bila ya kuwahesabu na watu hao. Walikuwa na mama zao, na walikuwa na asili, hata kama aliyewatoa zawadi hakuiuliza.

Kisha tuulize juu ya jiwe lenyewe. Wengi wetu tukisema ustaarabu wa pwani huona nyumba za matumbawe na chokaa. Lakini wachimbaji wa Shanga walipofika chini kabisa, katika tabaka za karne ya 8, walikuta misikiti ya mwanzo ikiwa ya miti na udongo, midogo, iliyojengwa upya mara kwa mara mahali pale pale. Jiwe lilikuja baadaye. Ibn Battuta naye, aliyelala Mombasa usiku mmoja tu, aliikuta misikiti yake ni ya mbao, na akawasifu watu wake kwa uchaji na wema. Waliosifiwa na msafiri mkubwa kuliko wote wa Zama za Kati walisali chini ya mbao, wakila ndizi na samaki. Kama udongo na miti ni dalili ya kutokuwa na asili, basi sisi ndio tutakaoanza kuikosa.

Imebaki hoja ya maandishi, ambayo ndiyo nguzo ya ami yetu. Maandishi ni neema kubwa, wala hatutaipuuza. Lakini tarehe ya Kilwa tunayoisoma leo iliandikwa katika karne ya 16, ilhali masultani wa mwanzo inaowataja waliishi mamia ya miaka kabla ya hapo. Ni nani aliyeihifadhi habari yao katika muda huo wote? Ni ndimi za wazee. Nasaba zetu nyingi nazo zilikaa vifuani kabla ya kukaa karatasini. Tofauti baina yetu na Agui ni kwamba karatasi yetu ilikuja mapema zaidi.

Hayo tuliyazungumza kando ya lile shimo, na Agui, aliyekuwa akisikiliza kwa makini, akauliza kama anaweza naye kusema. Akasimama kwa fimbo yake, akaanza kutaja. Alitaja ibinda lake, yaani rika alilotahiriwa nalo, kisha la baba yake, kisha la babu yake. Marika ya Wakipsigis yana majina yanayofuatana kwa utaratibu, Maina, Chumo, Sawe, Korongoro na mengineyo, na yakishakwisha hurejea mwanzo, hata jina la wazee wa kale sana likavaliwa tena na vijana kiasi cha karne moja baadaye. Kwa kila jina alitaja ukoo, mlima waliokaa, njaa au vita vya wakati ule, na ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya mke gani. Hakusita hata mara moja. Alipomaliza, akamtazama ami yetu na kusema: "Mzee, ninyi mnasoma. Sisi tunakumbuka. Mtoto wangu akisahau, hatuna pa kufungua."

Ami alikuwa na bahasha katika mfuko wa kanzu. Sote tulijua kilichomo, kwa kuwa haendi katika posa yoyote bila ya nakala ya nasaba. Aliitoa, akaigeuza upande mtupu, akampa kijana pamoja na kalamu, akasema neno lake la kwanza tangu Nakuru: "Mwombe Agui ayarejee majina polepole. Andika."

Kijana aliandika hadi jua lilipokuwa likiinama juu ya mashamba. Karatasi ikajaa, ikabidi aandike pembezoni. Hatudai kwamba moyo wa mtu hugeuka katika alasiri moja. Katika safari ya kurudi ami alilalamika juu ya baridi, juu ya barabara, na juu ya umbali ambao wajukuu zake watazaliwa mbali naye. Lakini posa ilijibiwa kwa kheri, mahari yamekwisha kusemwa, na jamaa wa binti wameeleza taratibu zao za koito, ambazo tumeahidi kuzifuata katika yote yasiyopingana na sharia. Karatasi ile sasa ina pande mbili, na ami ameagiza itolewe nakala mbili, moja ibaki Sotik.

Tunaandika haya kwa kuwa jambo hili si la nyumba moja. Mola wetu ametufundisha kwamba alitujaalia kuwa mataifa na makabila ili tujuane, na kujuana hakuanzi kwa mmoja kumwambia mwenziwe kwamba hana cha kujulikana. Watoto wetu wanasoma, wanafanya kazi na wanaoa katika Kericho, Bomet, Eldoret na Kisumu. Wakiuliza habari za huko, tusiwape jibu la barazani tu. Tuwaambie kwamba jahazi lilihitaji pembe, pembe ilihitaji njia, na njia ilipita katika nchi za watu walioishi, wakachimba mazizi, na wakahesabu marika yao.

Nanyi mlio na wazee nyumbani, wa pwani au wa bara, kaeni nao juma hili na kalamu. Anzeni na jina la babu wa babu, kisha mwulize alikaa wapi na alifuga au alilima nini. Tunaposema kwamba mtu hana tarehe, mara nyingi huwa ni kwamba hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Juma lijalo, Mungu akitujaalia uhai, tutaingia Baghdad. Wabillahi tawfiq.